Nasikia Harufu: Kutoka Iringa Hadi Kyela

Jumapili. Iringa na Tosamaganga

Mama alifariki Agosti 2021, wakati pua yangu imezima. Niliugua Uviko mwezi mmoja kabla. Homa ikaisha, kifua kikaachia, harufu haikurudi. Nilipofika Tukuyu msibani wakanipa kanga aliyokuwa akijifunga siku zake za mwisho. Nikaifunika usoni, nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Hakuna kitu. Dada zangu walipokezana kanga ile wakilia kwa sababu mama alikuwa mle ndani. Mimi nililia kwa sababu hakuwamo.

Sasa kaka amepiga simu: Jumamosi hii ya Juni tunajengea kaburi. Ningeweza kupanda basi Ijumaa alfajiri na jioni nikawa nyumbani, lakini nimeomba likizo ndefu. Pua imerudi, ingawa si yote, na nataka kuipitisha barabara nzima polepole, niandike kila siku imesikia nini.

Ndiyo, imesikia. Sote tunasema "nasikia harufu" tangu utotoni bila kujiuliza kwa nini pua imeazima kitenzi cha sikio. Niliyatafakari maneno hayo miezi ile ya ukimya. Kitu cha kuona unakifuata kwa macho, ukichoka unayafumba. Harufu haingoji umeitazama. Inakuja kama mtu anayekuita jina ukiwa umempa mgongo, na unageuka kabla hujajua ni nani.

Nilivyogeuka mara ya kwanza ilikuwa Novemba mwaka uleule, mvua ya kwanza Iringa. Nilikuwa naanua nguo. Matone makubwa yakapiga vumbi la uani na papo hapo nikasikia udongo. Miezi minne ya kutosikia hata vitunguu vikiungua, halafu udongo! Baadaye nilisoma kwamba wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa harufu hiyo jina, petrikori, mwaka 1964. Ndani yake imo jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huikamata hata ikiwa hewani kwa sehemu chache tu katika trilioni. Siku ile sikuyajua hayo. Nilipiga magoti pale pale na nguo mbichi mikononi, nikasema, Bwana, kumbe upo.

Leo jirani yangu Mkatoliki alinichukua hadi Tosamaganga, misheni ya zamani nje kidogo ya mji, kwa sababu ni Jumapili ya Ekaristi Takatifu na kuna maandamano. Mimi nimelelewa Moravian. Kwetu hakuna ubani. Nilikua nikiamini kanisa linanukia mbao, vitabu vya nyimbo na mafuta ya mgando ya watoto waliopakwa vizuri. Nilisimama nyuma. Mtumikiaji, kijana wa miaka kama kumi na miwili, alipulizia makaa ya chetezo hadi mashavu yakajaa, padri akatia kijiko kimoja cha ubani, moshi ukapanda mweupe na mzito, kisha ukalala juu ya vichwa vya watu. Ulinifikia kabla maandamano hayajanifikia. Una ukali wa limau mwanzoni, halafu kitu kama mti uliochanwa sasa hivi.

"Sala yangu ipae mbele zako kama uvumba." Zaburi hiyo ya 141 nimeiimba tangu kwaya ya watoto. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona sala inavyopaa: haiendi juu moja kwa moja. Inazunguka, inaingia kwanza kwenye makoti ya watu. Jirani yangu anasema koti la mume wake hukaa na ubani mpaka Jumatano.

Jumatatu. Mafinga na Mufindi

Baridi ya Mafinga mwezi wa sita haina mzaha. Niliposhuka kwenye Coaster, cha kwanza kunipokea kilikuwa mbao. Malori, magunia ya unga wa mbao, rundo la mabanzi, kila kitu kinanukia msindano uliopasuliwa. Njiani katika mashamba ya miti ya Sao Hill nilikuwa nimeona misindano imekwanguliwa ganda na kuning'iniziwa mifuko: wanagema utomvu. Neno ni lilelile tunalolitumia kwa ulanzi, pombe ya mwanzi: kugema. Na ubani wa jana nao ni utomvu. Mti wake unaota Somalia, Ethiopia na Oman, wanauchanja ganda, unatoa machozi, machozi yanakauka kuwa chembe. Nililifikiria jambo hilo kilomita nyingi. Kile tunachomfukizia Mungu ni mti unavyojiponya jeraha.

Mchana nilifika kwenye kiwanda kimoja cha chai, anakofanya kazi shemeji yangu. Aliniombea ruhusa, nikavaa koti jeupe na kofia, tukapita hatua kwa hatua. Majani mabichi yanalazwa kwenye vitanda virefu yakipulizwa hewa yanyauke. Hapo harufu ni ya nyasi iliyokatwa asubuhi. Yakisagwa, harufu inapanda ghafla, kijani kali inayokuna koo. Halafu yanaachwa yachachuke, yanageuka rangi ya shaba, na hapo nilisimama. Inakuja kama tunda, kama pichi lililoiva mno. Mwisho ni kikaushio, joto, na harufu inayofanana na mkate unaotolewa kwenye tanuri. Kilo nne hadi tano za majani mabichi zinatoa kilo moja ya chai; hizo nyingine zilizopungua zinaondoka hewani, na ndizo nilizokuwa nazivuta.

"Shemeji," nikamwambia, "unafanya kazi peponi."

Akacheka. "Harufu? Mimi siisikii."

"Uliugua?"

"Hapana. Nina miaka kumi na tisa humu. Nikienda likizo kwetu Ludewa, nikirudi, pale getini inanipiga mpaka nasimama. Kesho yake imekwisha." Akafikiri kidogo, akajisahihisha. "Haijakwisha. Ni mimi nimeizoea."

Niliomba anirudie maneno hayo, akayarudia bila kuelewa kwa nini nimetoa daftari.

Niko kwenye kwaya ya wakubwa tangu nina miaka kumi na sita. Kuna miaka, na hapa nasema miaka, nilikuwa naimba "Yesu yu hapa" na sisikii chochote, nikahitimisha kwamba ameondoka au kwamba nimemkosea jambo ambalo sikulijua. Nilifunga, nikaungama dhambi nilizozibuni ili tu niwe na cha kuungama. Hakuna aliyenieleza kuhusu pua. Pua yenye afya kabisa ikikaa na harufu moja, baada ya dakika chache inaacha kuitangaza, ili ibaki tayari kwa kitu kipya. Hivyo ndivyo ilivyoumbwa. Nikikaa na Mungu kila siku nyumbani mwake, pengine ukimya ule ulikuwa wa mtu aliye ndani ya kiwanda cha chai.

Sisemi kila ukavu ni mazoea. Mwaka 2021 wangu ulikuwa ugonjwa, na ugonjwa ni kitu kingine. Wakati ule niliishi kwa pua za wenzangu. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa anapita jikoni na kutangaza: "Mama, maharage yanaungua." "Mama, maziwa yamechacha." Nikamwamini. Na kwenye ibada ya jumuiya, mama mmoja mzee aliposema, "Leo Bwana amepita hapa," nilianza kumwamini kwa namna ileile, kama mwenye pua nzima anaposema jambo kwa asiyekuwa nayo.

Usiku huu nimelala Mufindi chini ya blanketi tatu. Koti langu linanukia chai. Nimelitundika karibu na kitanda, najua asubuhi sitaisikia.

Jumanne. Barabarani hadi Mbeya

Basi kutoka Mafinga. Makambako, upepo na mahindi ya kuchoma. Chimala, joto la ghafla baada ya baridi yote ile.

Pale stendi moja njiani akapanda kijana na mkoba. Akaombea safari, vizuri kabisa, kisha akatoa vichupa vidogo vya mafuta. Alisema mafuta yale yana "harufu ya Roho Mtakatifu", ukipaka mlangoni maadui hawaingii, shilingi elfu tano. Akafungua kimoja akapitisha. Kilikuwa na waridi la dukani. Wanawake wawili walinunua, mmoja wao kwa pesa alizozifungua kwenye pindo la kanga.

Moyo uliniuma. Sina ugomvi na mafuta. Biblia yenyewe inanukia mafuta. Lakini katika Kutoka sura ya 30, Mungu anampa Musa mchanganyiko wa uvumba, natafi na shekelethi na kelbena na ubani safi, kwa kipimo kimoja, na papo hapo anaweka katazo: mtu asiutengeneze mfano wake apate kuunusa mwenyewe. Atakayefanya hivyo atakatiliwa mbali na watu wake. Zamani niliona adhabu hiyo imezidi. Leo, nikimtazama yule mama akifunga tena pindo lililobaki tupu, naona ilikuwa inawalinda watu kama yeye. Na Isaka je? Mzee amepofuka, anambusu mwanawe, ananusa mavazi yake na kusema harufu ya mwanangu ni kama harufu ya shamba alilolibariki Bwana. Mavazi yalikuwa ya Esau, mvaaji alikuwa Yakobo. Mtu anaweza kudanganywa kwa pua. Tukumbuke hilo sisi tunaosimulia ya manukato.

Nilimfuata yule mama tuliposhuka kujinyoosha, tukazungumza. Sitaandika tuliyozungumza. Chupa alibaki nayo.

Kutoka Igurusi nilipakatishwa mtoto wa mama mmoja aliyekuwa na mizigo miwili. Mtoto akalala kifuani kwangu. Utosi wake: maziwa, jasho dogo, joto. Sikufungua daftari tena mpaka Mbeya.

Jumatano. Mbeya

Siku hii niliiogopa tangu Iringa.

Rafiki wa mama, waliyekua pamoja, amelazwa hospitali hapa mjini. Ana donda la saratani lililofunguka kifuani. Dada alinionya sebuleni: "Jiandae. Harufu yake inafika koridoni." Nikamwambia nimeomba miaka mitatu nirudishiwe pua, sitaiacha nje ya wodi.

Ilifika koridoni kweli. Sitaipamba. Tumbo liligeuka, nikashika ukuta, na mawazo yangu ya kwanza hayakuwa ya kiroho: niliwaza kwamba mwaka 2021 ningeweza kukaa naye mchana kutwa bila shida.

Kitandani pale, upande wa kichwa, alikuwa amekaa mama wa kanisani kwao, amejifunga kanga kiunoni, anamlisha uji kwa kijiko. Hakujifunika pua. Aliongea naye habari za mbegu za viazi na bei ya mbolea, taratibu, kama wako shambani wamepumzika. Nikauliza amefika saa ngapi, akasema saa moja asubuhi. Ilikuwa saa sita.

Muuguzi alikuja kubadilisha bendeji. Kabla ya kuanza, aliinama akaweka chini ya kitanda kisahani cha kahawa ya kusaga, kavu. "Inavuta harufu kidogo," akaniambia, "na mgonjwa haoni aibu sana wageni wakija." Kahawa hiyo aliitoa nyumbani kwake. Nilikitazama kile kisahani muda mrefu: bati jeupe lenye ua la buluu, limebanduka rangi ukingoni, na kahawa imesawazishwa kwa mgongo wa kijiko kama anavyosawazisha mtu anayemwandalia mgeni.

Kiswahili kimetupa maneno mawili. Kunuka, na kunukia. Tofauti ni ile silabi ya kumtendea mtu, ileile inayogeuza pika kuwa pikia na leta kuwa letea. Kinachonuka kinanuka chenyewe. Kinachonukia kinamnukia mtu. Wodi ile ilikuwa inanuka, na ndani yake kuna watu wawili waliokuwa wanamnukia mgonjwa wao, na pua yangu ilisikia yote mawili kwa pumzi moja, wala hakuna lililofuta jingine. Kaburini kwa Lazaro Martha alisema wazi: Bwana, ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne. Yesu hakurudi nyuma. Sura inayofuata, huko huko Bethania, nyumba inajaa harufu ya marhamu. Nilikuwa nazisoma kama hadithi mbili.

Mgonjwa alinishika mkono nilipoaga. Akaniita kwa jina la mama. Nikaitika.

Alhamisi. Uyole hadi Tukuyu

Kuanzia Uyole barabara inapanda, hewa inapoa, na vumbi linaisha. Isyonje kuna njia ya kwenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ile inayoitwa Bustani ya Mungu. Maua yake ni ya mvua, Novemba hadi Aprili, basi Juni hii nilipita tu na kuipungia. Kiwira, ndizi: mbivu, mbichi, za kuchoma. Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika. Kila aliyeketi karibu na dirisha alilifunga kwa sababu ya baridi. Nililiacha la kwangu wazi upana wa vidole viwili, abiria mwenzangu akavumilia. Moshi wa kuni, migomba iliyolowa, samadi, chai. Nyumbani.

Usiku, baada ya chakula, nilimwomba wifi ile kanga.

Alikwenda chumbani akarudi nayo imekunjwa vizuri mara nne, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilijua kabla sijaifungua.

"Niliifua, wifi. Ilikuwa na jasho la ugonjwa. Nikaona nikutunzie ikiwa safi."

Sabuni ya mche, na nailoni. Nilishindwa kusema asante. Yeye aliona uso wangu, akaelewa, akakaa kitandani kando yangu akaanza kulia, na sasa nikawa mimi ninayembembeleza. Alimuuguza mama miezi mitano. Alimwogesha. Alifua kanga ile kwa mikono yake kwa kuwa ndivyo alivyompenda, na ndivyo mama mwenyewe angetaka, mama ambaye hakuwahi kumpa mtu nguo isiyofuliwa. Tulikaa hapo mpaka taa ikawa dhaifu.

Sikulala. Nilikasirika, nami naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia Mungu: miaka mitatu nimefanya zoezi. Zoezi lenyewe ni hili: mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha njia ya kuifundisha pua iliyopotea. Harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, unazinusa moja moja asubuhi na jioni kwa wiki kumi na mbili, ukikumbuka kwa bidii zilivyokuwa. Seli za harufu zina jambo la ajabu, hufa na kuzaliwa upya maisha yote, na zoezi linazisaidia kujua njia. Waridi sikulipata, nikatumia mchaichai. Wiki nyingi nilinusa karafuu nikapata hewa tupu. Mwaka uliofuata nikapata uongo: kahawa ilinuka plastiki iliyoungua, na ndizi mbivu sikuweza kuisogelea. Niliendelea. Kila asubuhi baada ya sala, vikombe vinne mezani. Hata sala na vikombe vikawa kitu kimoja, kuinama mbele ya kitu unachojua kipo na hukisikii. Yote hayo niliyafanya kwa ajili ya kanga moja.

Ijumaa

Saruji, kokoto, maji. Wanaume wamebeba, wanawake tumepika. Mvua ndogo mchana kutwa.

Jumamosi. Kaburini

Mchungaji alikuja saa tatu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na babu yake baba alibatizwa na kizazi kile cha kwanza. Makaburi yetu yako chini ya migomba, karibu na nyumba. Huko Herrnhut, Ujerumani, walikotokea wamisionari wale, makaburi ya kanisa wanayaita shamba la Mungu. Mchungaji alilitaja jina hilo katika sala fupi, na mimi nikamkumbuka Isaka kipofu akinusa shamba lililobarikiwa.

Fundi alisema lazima wachimbe kwanza msingi kuzunguka. Udongo wa Tukuyu ni wa volkano, mweusi, unashikana. Vijana walichimba, sisi tukabeba kwa karai. Nilichukua la kwangu, nikaliinua kifuani kulipandisha kichwani, na likapita mbele ya uso.

Nikasikia.

Sikumsikia mama. Nilimsikia yule niliyemsikia Novemba. Harufu ileile ya uani Iringa, nzito zaidi, baridi zaidi, ikitoka kwenye udongo uliokaa miaka mitatu kando ya mama yangu. Nilibaki nimesimama na karai limekwama kati ya kifua na kichwa, kaka akaniuliza kama ni zito, nikasema hapana. Machozi yalianguka ndani ya karai. Sikuwa nimeomba chochote dakika ile. Nilikuwa nimekasirika, nimechoka, nimebeba udongo. Nilisema kwa sauti, bila kujali nani ananitazama: "Ndaga, Bwana. Ndaga fijo." Asante sana, kwa Kinyakyusa chetu.

Wifi alikuwa nyuma yangu. Akanipokea karai.

Nilijua pia sababu yake ya kimaabara, jeosmini na bakteria wake, na haikupunguza kitu. Sauti ya mtu nayo ni hewa inayotikisika. Nikiitwa na mama kwa jina langu, sijibu, "Ni hewa tu."

Kufikia jioni zege lilikuwa limemwagwa na kusawazishwa. Lilinuka saruji mbichi. Watoto walikatazwa kulikanyaga, mmoja akalikanyaga.

Jumapili. Kyela

Baada ya ibada niliteremka Kyela kwa mama mdogo, aliyeshindwa kuja kaburini kwa sababu ya magoti. Ni mteremko mrefu, na ukifika chini masikio yanaziba na sweta unaivua. Mavuno ya mpunga yanaendelea, uwanja wake umetandikwa maturubai.

Alinikumbatia mlangoni. Kwa pumzi moja tu, moshi wa kuni, mafuta ya mgando, na kitu cha tatu ambacho sijawahi kukijua jina. Nilivuta pumzi ya pili haraka. Kilikuwa kimekwenda. Nikakitafuta shingoni kwake kama mtoto mchanga, akanipapasa mgongo akisema, "Umekonda, mwanangu."

Alipika wali wa mpunga mpya, akaupalia makaa juu ya mfuniko, na mbasa kutoka ziwani kwa nazi. Kabla hajapakua huwa anafanya kama alivyofanya mama: anafunua sufuria nusu, anafumba macho, mvuke unampitia usoni, anasema polepole, "Asante Yesu." Hajaonja bado. Mama nilimwona akifanya hivyo maelfu ya mara, na nilidhani anaangalia kama wali umeiva. Leo alipofunua, nyumba nzima ikanyamaza. Wajukuu waliokuwa wanagombania simu walinyamaza. Mchele wa Kyela ukiwa mpya hausubiri ufike mezani, ulikuwa umeshatoka mlangoni, na jirani anayepita alisalimia kwa kusema, "Mmeivisha."

Nilimwomba anipishe nifunue na mimi. Akanipa kitambaa nisijiunguze.

Jumatatu. Kurudi

Basi la alfajiri. Mama mdogo amenifungashia kiroba cha kilo kumi na tano, kimefungwa kamba, nimekisukuma chini ya kiti. Kanga ya mama imo ndani yake juu ya mchele. Sikupata nafasi kwenye begi.

Tulipopita Chimala, jua limepanda, joto likaingia ndani ya basi. Kondakta alikuwa anapita na tiketi. Akasimama katikati, akainua kichwa.

"Nani kapanda na mchele wa Kyela humu?"

"Mimi," nikasema.

"Uko wapi?"

"Chini ya kiti."

"Basi lote linausikia, mama." Akavuta pumzi tena, akaendelea na tiketi zake. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka nusu, akafumba macho, akabaki hivyo.

Nikainama, nikalegeza kamba ya kiroba.